Dalaja, kwa L

Tangu nizaliwe nasema dalaja. Mama yangu husema dalaja, bibi aliyemzaa mama alisema dalaja, na kama babu wa babu yangu angefufuka leo, yule aliyefika huku na msafara wa biashara kutoka pwani, nina hakika yeye angesema daraja, kwa R safi ya baharini, halafu angetukalisha chini na kutuuliza tumeitupa wapi. Tungemjibu kwamba imebaki njiani. Ukikaa Kisenyi, hapa Kampala, vizazi vinne, ulimi unafuata majirani Waganda. Tunasema kalibu, tunasema safali, tunaandikiana balua, na hakuna aliyewahi kulazwa hospitali kwa sababu hiyo.

Naandika haya kwa ajili ya hiyo L. Niliiacha ndani ya programu ya kompyuta, nikaisahau, na siku moja ikanieleza jambo ambalo rafiki yangu alikuwa amelificha mwaka mzima.

Kompyuta nilijifunza shule ya jioni, Old Kampala, kwenye ghorofa lenye ngazi nyingi kiasi kwamba ukianza kupanda ukiwa kijana unafika darasani na mvi. Mchana nilikuwa mtunza stoo wa duka la vipuri vya magari Kisenyi. Saa kumi na mbili nilikuwa dawatini, mikono inanuka grisi, nikisikiliza habari za majedwali na safu zake. Nilisoma miaka mitatu. Mmoja kati ya hiyo nilisinzia, lakini nilisinzia kwa bidii, na cheti nilipata.

Jirani yangu wa dawati alikuwa Mkenya kutoka magharibi, karani wa kampuni ya kusafirisha mizigo, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kila kitu mahali pake. Siku ya kwanza nilimwomba, "Lafiki yangu, niazime lula."

Aliweka kalamu chini. "Rudia."

"Lula."

"Sema rrr."

"Lll."

"Ndugu yangu," alisema, "huo ulimi umekazwa na spana namba kumi na saba."

Tukawa marafiki hapo hapo. Mwezi wa Ramadhani alikataa kula mbele yangu. Alikuwa akizunguka nyuma ya jengo, halafu anarudi na uso wa mfungaji na makombo ya sambusa kwenye masharubu. Mimi nilijifanya siyaoni. Nilimpenda kwa hayo makombo kuliko nilivyowapenda wengine kwa mambo makubwa.

Tajiri wangu alikuwa mkubwa wa ndugu watatu, wote wauza vipuri. Yeye na wa pili walikuwa Kisenyi, maduka yamepeana mgongo. Mdogo wao alikuwa juu kilimani, Old Kampala. Watu hawa waliswali safu moja, bega kwa bega, lakini hifadhidata moja waliikataa kabisa. Kila mmoja alikuwa amempata fundi wake, na kila fundi alikuwa ameleta mfumo wake na kuapa kwamba mingine miwili ni takataka. Kwa hiyo mteja akitaka gasketi ya lori ambayo hatunayo, hakuna kompyuta iliyoweza kuniambia kama mdogo wa tajiri anayo. Nilitumwa kwa miguu. Nilikipanda kile kilima mara nyingi hadi viatu vikaanza kunitangulia.

Nilipomweleza rafiki yangu, alisema, "Tuwatengenezee programu."

"Ya mtandaoni?"

"Mtandao wenu huo wa kukatika kila mnapopika? Ya kukaa ndani ya kompyuta yenyewe. Inafunguka duka la mkubwa, inaona ya kwake, ya wa pili na ya mdogo."

Asiyejua kompyuta asiogope hapa, nitaenda taratibu. Hifadhidata ni stoo ya habari, na mlangoni pana mtunzaji. Huingii, unamwomba yeye, kwa lugha anayoitaka. Lugha yenyewe inafanana kila mahali, lakini kila mtunzaji ana madeko yake, na hao watatu walikuwa na madeko ya kutosha kuvunja ndoa. Wa tajiri wangu alitoka kampuni kubwa ya ng'ambo: alitaka umtajie unahitaji vitu vingapi kabla hujafungua mdomo vizuri. Wa yule ndugu wa pili alitaka idadi hiyo hiyo, lakini mwisho kabisa wa ombi, ukiitaja mwanzoni hakusikii. Tena kwake neno "Gasketi" lenye herufi kubwa na "gasketi" lenye ndogo walikuwa watu wawili wasiojuana. Wa mdogo alikuwa faili moja tu, mpole mno. Ukimpa jina mahali pa namba anapokea na kushukuru, matatizo utayakuta wewe baadaye. Na kila mmoja alikuwa na dereva wake wa kumfikia, na dereva wa huyu hajui hata kuwasha gari la yule.

Tungeweza kuijaza programu nzima maneno ya "kama ni huyu sema hivi, kama ni yule sema vile". Tulianza hivyo, na baada ya wiki mbili sisi wenyewe hatukuielewa. Ndipo nikapata wazo, nikiwa kilimani, naenda kuulizia bearingi. Programu iseme jambo moja tu: nataka gasketi. Katikati kuwe na kitu kinacholipokea neno hilo, kinaligeuza kwa lugha ya kila mtunzaji, kinampelekea kila mmoja dereva wake, kinarudi na majibu yamepangwa kana kwamba yametoka rafu moja. Siku hiyo nilishuka kilima mbio, na bearingi yenyewe niliisahau.

Nilikiandika kitu hicho peke yangu, Jumapili baada ya Jumapili, mchana, duka limefungwa, nimekalia kreti la fani belti. Rafiki yangu alijenga uso: madirisha, vitufe, rangi, sauti ya kuitikia. Na uso ulikuwa mzuri, haki yake simnyimi. Wateja walikuwa wakisimama kuutazama hata wasiohitaji kipuri. Lakini uso bila kile cha katikati ulikuwa picha ukutani.

Kwa kuwa kilikuwa daraja, nilikiita kwa jina lake. Dalaja.

Faili la mipangilio, lile linalokaa katika kila kompyuta na kuiambia programu stoo zake ziko wapi, lilianza na neno hilo. Kila mstari ulioelekeza kwa mtunzaji ulianza na neno hilo. Ndani ya programu lilikuwa mahali mia tatu, labda mia nne, sikuhesabu. Rafiki yangu aliligundua baada ya miezi miwili, akinywa chai, na chai ile ikatafuta njia nyingine ya kutokea.

"Hii nini?"

"Ni ya kuvukia."

"Najua ni ya kuvukia. Imeandikwaje?"

"D, a, l..."

"L," alisema, akijifuta shati. "Mwenyezi Mungu. Programu inaunganisha mifumo mitatu na yenyewe haijui kuandika daraja."

"Basi sahihisha."

Alianza. Alibadilisha kama mara thelathini, programu ikagoma, akarudisha, akaanza upya, ikagoma tena. Mwishowe aliniangalia na kutikisa kichwa. "Imeingia kama mchwa kwenye dari. Iache. Hiyo ndiyo sahihi yako. Mtu akiikuta popote atajua ni nani aliyejenga."

Tangu siku hiyo akaniita Bwana Dalaja. Mbele ya tajiri, mbele ya wateja, hata kwa mama yangu, ambaye aliona ni jina la heshima tu na hakujua mzaha uko wapi.

Kulikuwa na kidirisha kidogo kiitwacho Kuhusu. Ukikibonyeza unaona walioitengeneza programu, majina mawili. La kwake juu, la kwangu chini. Nilipouliza, alisema ni kwa mpangilio wa alfabeti. Herufi ya jina langu inaitangulia ya kwake kwa umbali wa kutosha kupitisha lori, lakini nilinyamaza. Sikutaka kuonekana mtu wa kuhesabu herufi.

Siku ya kujaribu, ndugu wote watatu walisimama nyuma yangu. Tajiri alisema, "Mwulize gasketi ya lori." Nikabonyeza. Kompyuta ikafikiri, nami nikafa na kufufuka mara mbili. Kisha majibu yakateremka: kwake hakuna, kwa wa pili moja, kwa mdogo kumi na moja. Tajiri alimgeukia mdogo wake, polepole. "Kumi na moja. Na mwezi uliopita uliniambia huna."

Mdogo alisema mfumo wake ulikuwa na makosa. Wa pili alicheka mpaka akatafuta kiti. Nami nikajua kwamba kwa mara ya kwanza maishani nimetengeneza kitu. Vipuri nilikuwa nimevihesabu miaka mingi, vyote vimetengenezwa na watu wengine, katika nchi nyingine. Hiki kilikuwa changu. Changu na chake. Hicho tu ndicho nilichokitaka kutoka katika kazi ile: kibaki kuitwa chetu.

Baada ya kama nusu mwaka alinijia dukani na uso mzito. Amechoka na kompyuta, alisema. Mama yake amebaki peke yake, shamba limeota nyasi, anarudi Kenya kulima. Nilimwambia wewe hata sufuria ya ugali inakushinda, jembe utaliweza? Alicheka, lakini kidogo. Aliomba nakala ya programu yote, na daraja langu ndani yake. "Ya kumbukumbu tu. Nikikaa shambani jioni niiangalie."

Nilimnakilia kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimwekea hata maelezo, kurasa nyingi, jinsi ya kumwongeza mtunzaji wa nne, wa tano, ikiwa mahindi yatamchosha.

Mama alipojua, alimaliza haraka mkeka aliokuwa akiusuka, wenye mistari ya zambarau, akasema, "Huu ni wa mama yake. Mwambie ni kutoka kwa mama wa Bwana Dalaja." Niliubeba begani mpaka kituo cha mabasi. Rafiki yangu aliupokea kwa mikono miwili, akanikumbatia, akapanda, akanipungia kupitia dirishani. Nilibaki nimesimama mpaka wachuuzi wakanizoea.

Mwaka ukapita. Goti la mama likaanza kumsumbua, na mtu akatuelekeza kliniki ya mifupa iliyo Naguru, mlimani, mahali pa ua safi na mbwa wanene. Nilimpeleka asubuhi. Mapokezi kulikuwa na dada aliyekulia kambi ya polisi, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, kile cha kambini, cha kutembea haraka bila kubeba vitu vingi. Alikuwa anaipiga kompyuta kofi la mgongoni.

"Mama, mutangoja kidogo," alisema. "Hii kitu imekataa tena. Picha ya mugonjwa haikuji."

Watu walikuwa wengi kwenye mabenchi, mguu huu umefungwa, mkono ule umening'inizwa. Niliinama kuangalia, kwa mazoea tu, kama fundi wa magari anavyosimama kwenye kila bonneti lililo wazi. Kwenye kioo palikuwa na rangi nisizozijua, nembo ya kliniki, na katikati, ndani ya kisanduku chekundu, maneno haya:

Dalaja halijaunganishwa. Jaribu tena.

Sisemi kwa kutia chumvi, ingawa najulikana kwa chumvi. Kote Afrika Mashariki, katika kompyuta zote zilizomo, yuko mtu mmoja tu aliyeandika sentensi hiyo kwa herufi hizo.

"Dada, hii programu mmeitoa wapi?"

"Iko bwana moja, Mukenya. Mutu muzuri sana, shati yake pasi mupaka hapa. Anakuja kila Alhamisi."

"Anatoka Kenya kila Alhamisi?"

Alinitazama kama mtu wa kupimwa kichwa badala ya goti. "Kenya ya nini? Anakaa hapa hapa, nyuma ya kanisa."

Niliomba kukaa kwenye kiti chake. Aliniruhusu kwa kuchoka tu. Niliuliza kama kuna mashine iliyohamishwa, akasema jana kompyuta ya chumba cha eksirei imebadilishiwa mahali na anwani yake. Nilifungua faili la mipangilio. Mstari wa kwanza: dalaja. Wa pili: dalaja. Niliandika anwani mpya aliyonitajia, nikahifadhi, nikabonyeza. Picha za magoti ya watu zikaanza kuteremka.

"Wewe umejua aje?" dada aliuliza.

"Ni mimi niliyeijenga."

Alibonyeza Kuhusu. Akasoma. Akanisogezea kioo nione mwenyewe, bila ubaya wowote. "Hapa iko jina moja. Labda wewe ni fundi yake?"

Mama akaingia kwa daktari. Mimi nikatoka nje, nikapiga namba yake ya zamani. Akapokea papo hapo, kwa furaha.

"Bwana Dalaja. Umepotea, ndugu yangu."

"Uko wapi?"

"Niko shambani huku. Mvua imetupenda mwaka huu, mahindi yamenifika kiunoni."

Wakati huo huo kengele ya kanisa ikalia saa sita. Niliisikia kwenye simu kwa sikio la kulia, na kwa sikio la kushoto nikaisikia ile ile, kutoka upande wa chini wa barabara. Yeye naye nadhani aliisikia, maana alianza kuzungumzia mbolea kwa sauti ya juu.

"Msalimie mama," nilimwambia, nikakata.

Alhamisi nilikuwa kwenye benchi la kliniki kabla dada hajafungua dirisha. Aliingia saa nne, mkoba begani. Aliponiona alisimama, akatazama mlango alioingilia, akaona amechelewa.

"Mahindi yanaendeleaje?" nilimwuliza.

Aliketi kando yangu. Kwa muda alikuwa ananyoosha mkunjo wa suruali ambao haukuwepo.

"Ningekwambia," alisema.

"Lini?"

"Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Basi lilikupeleka wapi ile siku?"

"Nilishuka Jinja."

"Jinja."

"Nililala kwa binamu. Kesho yake nikarudi. Hawa watu wa kliniki tulikuwa tumeshazungumza, wakataka kuanza mara moja. Halafu wakaniunganisha na wengine. Sasa ziko ofisi tisa."

"Na kila ofisi ina mfumo wake."

"Kila moja. Ndiyo maana wanaipenda." Alisema hivyo kwa fahari, kisha akakumbuka anazungumza na nani.

Nikamwuliza kwa nini hakunichukua. Mimi si ghali, nilisema, mimi hupanda vilima bure. Hapo akageuka, na nadhani alisema ukweli, kwa sababu uongo wake huwa una sauti nzuri zaidi.

"Ungeingia kwenye mkutano wa madaktari, ndugu yangu, useme dalaja? Useme lipoti? Wangetuona watu wa gereji. Mimi nilikuzoea, wao hawakuzoei."

Nikacheka. Sijui kwa nini, ni tabia ya mwili wangu, hata msibani hunitokea. Kumbe kile kicheko cha dawatini, cha miaka yote ile, nilichodhani tunacheka wawili, alikuwa anacheka peke yake. Nilikuwa nikimpa bure kila siku kitu cha kunidharau, na kuongezea chai juu.

"Na mkeka wa mama?"

"Ninao. Uko chumbani kwangu."

"Hapo nyuma ya kanisa."

"Hapo."

Kati ya yote aliyonifanyia, hilo ndilo lililoniuma kuliko mengine. Programu mtu anaweza kusema ni mawazo, mawazo huruka. Mkeka mama aliusuka kwa vidole vyenye baridi yabisi, kwa ajili ya mwanamke mwenzake ambaye alidhani amebaki peke yake shambani.

Sikumpigia kelele. Nilimwambia sitaki ofisi zake tisa. Rudisha jina langu pale lilipokuwa, hata chini, hata kwa alfabeti yako ile ya ajabu. Basi.

"Nitarekebisha," alisema, na akaniwekea mkono begani. "Kuna toleo jipya natayarisha, mwezi ujao. Utaona mwenyewe."

Kumbe nilikuwa bado mtu wa kuamini, kwa sababu nilirudi Kisenyi nikipiga mluzi.

Mwezi uliofuata tulirudi na mama, daktari alitaka kulinganisha picha mpya ya goti na ile ya kwanza. Tulikuta mabenchi yamejaa mpaka watu wamekaa kwenye vyungu vya maua. Dada wa mapokezi aliponiona, aliinuka kwenye kiti kabla sijamsalimu.

"Fundi, njoo. Tangu Bwana aweke mupya, imekufa kabisa. Nampigia, anasema anaangalia."

Nilitazama kioo. Kisanduku kile kile chekundu.

Daraja halijaunganishwa. Jaribu tena.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikabonyeza Kuhusu, maana moyo ni mjinga. Jina moja.

Simu yangu ikalia. Alikuwa yeye.

"Ndugu yangu," alisema. Hakuniita Bwana Dalaja. "Kuna jambo dogo."

"Ofisi ngapi?"

"Zote," alisema. "Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi vizuri kabisa. Nikiiweka kwao haioni chochote. Nimebadilisha nywila, nimebadilisha madereva, tangu alfajiri sijala."

"Umegusa nini kwenye dalaja?"

"Hakuna. Maneno tu. Nimesafisha maneno kidogo, yasomeke vizuri."

Nilielewa kabla hajamaliza. Safari hii alikuwa na subira. Alikuwa amelitafuta neno langu mahali pote mia tatu, mia nne, na pote akaondoa L na kuweka R. Lakini mafaili ya mipangilio yako kwenye kompyuta za ofisi, na yale hakuyagusa. Yalikuwa bado yanasema dalaja, kama nilivyoyaandika mimi. Programu yake mpya ilikuwa inaingia, inaulizia mtu anayeitwa daraja, inaambiwa hapa hayupo, inaondoka. Kwenye kompyuta yake ilifanya kazi kwa sababu huko faili nalo lilikuwa jipya.

Aliniahidi kurekebisha, na alirekebisha. Nilidhani anazungumzia jina langu.

"Na jina?" nilimwuliza.

"Hilo linakuja toleo lijalo."

"Sawa. Ngoja nifikiri, nitakupigia," nilisema, nikakata.

Ningeweza kumwambia kwa maneno matatu. Ningeweza pia kuondoka, nikaziacha ofisi tisa zimuulize yeye, mtu mmoja, jina moja. Nakiri nilisimama hapo nikionja wazo hilo, na lilikuwa tamu kuliko halua. Lakini mama alikuwa kwenye benchi, ananyoosha mguu na kuukunja, na picha ya goti lake ilikuwa ng'ambo ya pili. Programu ya rafiki yangu sikuwa na ufunguo wa kuibadilisha. Nilichokuwa nacho mkononi ni faili tu, la kliniki hii moja.

Nikakaa. Nikalifungua. Dalaja, mstari wa kwanza. Nikafuta L, nikaweka R. Mstari wa pili, nikafuta, nikaweka. Ilikuwa mistari sita tu. Aliniambia zamani hiyo ndiyo sahihi yangu, na sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha watu naisahihisha kwa kidole changu mwenyewe. Nilipohifadhi, kioo kikawaka, na goti la mama likateremka la kwanza, jeupe, limechoka.

"Banange, jamani!" alisema dada. "Ilikuwa nini?"

"Tahajia."

Mama alikuwa amesogea, ameegemea meza, anatazama goti lake kwenye kioo kana kwamba ni la jirani. "Umeandika nini hapo, baba?" Mama huniita baba.

"Daraja," nilisema, na R nikaikaza kwa nguvu zote za ukoo.

"Dalaja," alisema mama, akitikisa kichwa kukubali. "Si ndiyo ile yenu."

Simu ikaanza tena. Niliiweka juu ya meza, ikawa inatetemeka na kuzunguka taratibu kama mende aliyepinduka. Mama aliinamia kusoma jina, akatabasamu.

"Ni lafiki yako? Pokea. Mwulize kama mama yake aliupenda mkeka."

Niliiacha ilie mpaka ikanyamaza. Nikamwambia aliupenda sana. Nikamwambia ameutandika sebuleni, majirani wanakuja kutoka kata ya pili kuutazama, na hamruhusu mtu yeyote kuukanyaga na viatu, hata askofu.